Shimo la Foibe Mahinyila

Mimi kazi yangu ni kwenda chini.
Vyoo, misingi, na yale mashimo mengine
ambayo mwenyewe haji kuyakagua.
Basi Foibe Mahinyila aliponiita, mwezi wa tano,
akanipimia kwa hatua zake nyuma ya nyumba,
kumi na mbili kwenda, nne kukata,
kina kifike kifuani,
nilivua kofia nikamuuliza: nani?

Akacheka mpaka akashika kiuno.
"Nyanya," akasema. "Chimba."

Huku Kongwa mwezi wa sita una meno.
Upepo unashuka mlimani usiku bila kubisha hodi,
unatikisa mabati, unanyonya maji
kwenye jani, kwenye midomo, kwenye jicho la mbuzi.
Mchicha ukiota leo, kesho ni karatasi.
Tunakula mlenda mkavu wa kwenye kibuyu,
na nyanya inakuja na lori kutoka Iringa
imekwisha kupondeka, bei imesimama wima.

Yeye aliwahi kuishi na tanuri.
Baba yake alichoma matofali, na watoto
walilala ubavuni mwa tanuri lililozimwa
siku tatu, nne, bila blanketi.
"Moto ulikwisha kuondoka," aliniambia,
"lakini tofali lilikuwa halijapata habari."

Mimi nimechoma matofali miaka kumi na tisa.
Habari hiyo nilikuwa nayo mikononi
na sikuwahi kuisoma.

Tukajenga. Ukuta wa kusini mrefu, wa mawe meusi
niliyoyabeba kwa toroli kutoka korongoni,
ili jua la kipupwe, ambalo huegemea kaskazini,
lilitazame jiwe usoni kutwa.
Madumu ya mafuta ya kula, kumi na manane,
tukayapaka masizi ya sufuria, tukayajaza maji,
tukayapanga kama wanafunzi mstarini.
Juu, nailoni, imelazwa mteremko.
Hakuna waya. Hakuna injini.
Watu walisimama njiani wakauliza
umeme unaingilia wapi.

Wiki ya kwanza tuliua kila kitu.
Hatukuacha tundu la kupumulia;
saa saba mchana mchicha ulichemka umesimama,
na Foibe akaula huo mchicha na ugali,
kimya, kama mtu anayelipa faini.
Nikatoboa madirisha mawili, huku na huku,
vizibo vya gunia. Asubuhi fungua. Jioni ziba.
Ndiyo elimu yote. Kilichobaki ni kukumbuka.

Mwezi wa nane upepo ukairarua nailoni
kutoka pembe hadi pembe.
Tuliishona gizani kwa sindano ya magunia
na vipande vya mpira wa baiskeli,
yeye ameshika tochi kwa meno.
Alipoingia ndani kutafuta uzi zaidi
nilishuka peke yangu, nikaweka kiganja ukutani.
Juu yangu mbwa alikuwa anatetemeka.
Jiwe lilikuwa na joto la ubavu wa ng'ombe
aliyelala akicheua.
Nikakaa. Kazi ilikuwa haijaisha, lakini nikakaa.

Alinilipa nusu fedha, nusu nyanya.
Mwanangu Yaledi alikula ya kwanza kwa chumvi, mlangoni,
amevaa sweta langu, mikono inaburuta chini,
akauliza kama Iringa imehamia huku.

Juzi nimechimba la jirani, mzee Ndahani.
Udongo ule ule mwekundu. Jembe lile lile.
Alfajiri, nilipomaliza, kuta zake zilikuwa baridi
kama sakafu ya zahanati.
Saa tisa, kabla hawajamleta,
nilipiga magoti ukingoni, nikashusha mkono,
nikagusa upande wa kusini.

Vuguvugu.

Nikasimama, nikajipangusa vumbi,
nikavaa kofia, kisha nikakumbuka, nikaivua.
Sikumwambia mtu.