Mkodishaji wa Vikokotoo, Oruro

Keti kwanza, Bi Hilaria. Kiti hiki kina mguu mmoja mfupi
ila hakijamwangusha mtu.
Hizo pesa zirudishe kwenye fundo la kitambaa;
upepo wa Oruro hauna adabu mbele ya noti.

Umenipita mara tatu asubuhi hii.
Nilikuona ukilitazama dirisha la jirani,
kile kikokotoo cheusi kilichovalishwa mkoba wake,
bei imeandikwa kwa wino mwekundu, kubwa,
kana kwamba ni jambo la kujivunia.
Ulihesabu kwa vidole. Kondoo sita.
Saba, mnunuzi akijua kwamba una haraka.

Miaka kumi na tisa nakaa mkabala na lango la uhandisi.
Natoa fotokopi, nauza betri na biskuti,
nakodisha vikokotoo: mtihani mmoja, boliviano nane,
mtu aache kitambulisho.
Kwa hiyo pima maneno yangu. Unamuuliza fisi
kama mfupa una thamani.

Nimemwona kijana wa mgodini Huanuni
amechukua kile kibovu, saba yake haibonyezeki
ila kwa ukucha. Alitoka amefaulu,
akanirudishia kikiwa bado na joto la kiganja.
Nimemwona mtoto wa wakili na ndugu wa hicho cha dirishani:
kinachora mkunjo, kinatatua, kinajua kuliko mwenyewe.
Alikiuliza swali ambalo halikuulizwa,
kikamjibu sawasawa,
akapata sifuri yenye desimali kumi na mbili.

Basi nikwambie usinunue?
Ngoja. Ulimi una pupa.

Alikuwapo Yovana, mwaka wa tatu.
Aliniwekea rehani cha kwake, cha ghali,
kwa nauli ya basi la Antofagasta. Wiki mbili, alisema.
Hiyo ilikuwa Juni. Sikutaja mwaka.
Usiku mmoja umeme ulikatika, baridi inatafuna vidole,
nikakiwasha ili nipate mwanga tu.
Ndani nikakuta kazi zake, kila moja na jina:
BOMBA, BORITI, DARAJA. Ya mwisho, MAMA.
Nikaibonyeza. Ikauliza:
magunia mangapi ya viazi vikavu? bei? nauli? ushuru wa soko?
Nikajaza vya uongo. Ikanijibu
kilichobaki mkononi, mpaka senti.

Niliachia darasa la tano, Bi Hilaria.
Usiku ule nilijaza madeni yangu, mwezi kwa mwezi,
na kile kidude kikayachora:
kilima, halafu mteremko.
Sikujua kwamba yalikuwa yanashuka.
Nilikaa nayo mpaka betri ikazimika,
na betri, kama uonavyo, ninauza mwenyewe.
Hicho sikikodishi.

Mwanao usiku anafanya nini na karatasi tupu?
Usinijibu mimi.
Kama anaichafua, anafuta, anaichafua tena,
basi hata kibovu changu kitamvusha,
na huyohuyo ndiye anayestahili kondoo saba.
Kama haichafui, mnunulie penseli.
Ndiyo, najua, jibu hilo halinunui wala haliuzi.
Mumeo atalikasirikia.

Na jambo dogo, la bure: mwalimu wa miundo mwaka huu
amekataza kila chenye kumbukumbu.
Kimebandikwa kwenye mlango wake, nenda ukasome,
au mtume kijana akasome; ni mtihani wake.

Kunywa uji huu wa mahindi ungali moto.
Jumanne ndiyo siku ya kwanza. Boliviano nane.
Wewe nitakutoza sita.
Kitambulisho lakini aache.