Pambizoni

Jumatatu barafu ya mtoni ilipasuka
na kengele ya shule ikakwama ikilia.
Nilikuwa nimefika ukurasa wa arobaini na moja.
Jumanne nikawa bado wa arobaini na moja.

Ndiyo wiki yetu ya machipuko hapa Rūjiena:
mitihani ya darasa la tisa, mkutano wa wazazi,
nusu ya watoto wananukia utomvu wa mti mweupe
waliokinga kwa ndoo alfajiri, kabla ya hesabu,
nusu wana mafua. Matope mpaka kwenye kamusi.
Korongo wamerudi juu ya nguzo ya umeme,
mwalimu wa jiografia katoka kuwatazama,
kaniachia darasa lake: dakika tano, kasema.
Dakika tano zake nazijua.

Nasoma basi pale ninapopata mwanya:
birika likichemka, foleni ya duka la dawa,
mistari mitatu chooni, mlango nimeubana kwa mguu.
Riwaya nene ya maktaba, ya mjane na mizinga yake.
Februari, theluji ikianguka, mjane anafungua mzinga,
nyuki wanatoka, wanamzunguka kichwa kama taji,
naye analia. Pazuri. Hata mimi nililegea kidogo.

Ndipo pembeni, kwa penseli iliyokandamizwa:
"Uwongo. Wangekufa kabla hawajafika mlangoni."

Mkono huu naujua. Mkia wa g umepinda kushoto
kama ndoano, na juu ya u hakuna kistari,
kistari nilichokidai miaka minne kwa wino mwekundu
kama mwenye duka anayedai deni la sukari.
Ritvars Dzenis. Dawati la mwisho, karibu na bomba la joto.
Baba yake alikuwa na mizinga kumi na miwili nyuma ya reli.
Alituacha darasa la nane; vitabu, alisema, vinamtia usingizi.
Siku hizi anaendesha lori la magogo.
Tukipishana hupiga honi.

Tangu hapo riwaya siisomi, naifukuzia penseli.
Ukurasa wa hamsini na tano: "Kweli." Basi.
Wa themanini, mjane akiuza shamba,
mstari chini ya neno moja tu, umekazwa
mpaka karatasi imetoboka.
Neno lenyewe la kawaida kabisa: funguo.

Alhamisi mzazi mmoja ananieleza kuhusu alama
dakika arobaini nzima. Naitikia, naam, naam.
Chini ya meza, ndani ya mkoba,
kidole changu kimeshika ukurasa wa mia na tatu.

Ijumaa Skaidrīte wa maktaba anapiga simu:
kuna mtu anakisubiri kitabu, kwa mara ya pili.
Ya pili? Ndiyo, hakumaliza, kazi ya safari.
Jina hataji. Skaidrīte hutunza siri kama zahanati.

Usiku huu nimekesha. Madaftari ishirini na sita
yamekaa mezani kama wageni wasiopewa chai.
Nimemaliza saa nane, kisha nikarudi arobaini na moja
nikatia kile kistari juu ya u.
Mkono tu, mazoea.

Nikakifuta.
Halafu, kwa penseli, kwa herufi ndogo,
chini ya maneno yake:
"Basi hutoka mwezi gani?"

Makombo ya raba nikayapuliza.