Daftari la Mwosha Chupa

Msimu wa karafuu ukiingia Pemba
hatuhitaji kalenda:
tunauhesabu kwa mapaja
yanayoletwa hospitali juu ya milango iliyong'olewa,
mapaja ya vijana waliokwea kwa sifa
wakashuka bila ngazi.

Mimi ni Asaa Shaame, mwosha chupa.
Chumba chetu kipo nyuma ya chuo, Chake,
mlangoni pameandikwa MAABARA YA UUNGAJI WA MIFUPA.
Herufi ya mwisho imebanduka.
Watoto wa skuli husoma "mifup", wakacheka, wakapita.

Dakta Zuwena haongei sana.
Akisema "hebu", tunajua kosa limeonekana.
Kaka yake alianguka mkarafuu Mtambile;
mkono uliunga, ila uliunga upogo.
Mpaka leo akinyanyua mikono kuomba dua
mmoja waelekea mbinguni,
mwingine waelekea Mkoani.
Dakta hakutuambia hayo.
Alitusimulia kaka mwenyewe, siku aliyoleta muhogo,
huku akicheka.

Chumu Kombo analisha sungura.
Karatasi zasema Namba Kumi na Nne.
Yeye humwita Bi Arusi,
na siku ya kupima hula chakula chake nje, peke yake,
akiupa ukuta uso.

Akaitwa Bi Mboja kutoka Kojani,
muunga mifupa, hana cheti, ana vidole gumba viwili.
Akafumba macho, akaupapasa mguu wa mgonjwa:
"Hapa pana mchanga."
Picha ikatoka. Kweli mchanga:
vipande kumi na kimoja.
Dakta akaandika, akaandika.
Bi Mboja akamtazama:
"Unaandika mkono wangu, au jina langu?"
Chai ikapoa mezani.

Wageni huviita visiwa vya viungo.
Sisi huulizana: viungo gani,
vya pilau au vya goti?

Na usiku ule umeme ulipokatika, saa nane,
seli za mfupa zimo katika kabati la joto,
joto la mtu mzima asiye na homa,
jenereta kavu kama kifuu.
Chumu akanyonya petroli ya vespa yake kwa mpira,
akatema, akatukana, akaomba toba,
yote kwa pumzi moja.
Salha, mwanafunzi wa Wete,
alikwishazifunga chupa kwa kanga,
kazipakata kifuani kama vifaranga,
kakaa kitako sakafuni, hatikisiki,
anahesabu kimoyomoyo.
Kulipopambazuka nusu zilikuwa zimekufa.
Nusu.
Hakuna aliyejua kama tulie au tushukuru,
basi tukanywa uji.

Waliotutangulia walisema tugange yajayo.
Sisi kazi yetu ni kuganga yaliyopita,
yaliyovunjika jana, saa nne asubuhi,
tawi lilipolia *ta!*

Wiki ya kumi na sita, picha ya Bi Arusi:
baina ya ncha mbili za mfupa
pamelala wingu jembamba,
kama mvuke juu ya kioo.
Dakta akasema "hebu".
Tukaganda.
Akaisogeza kwenye dirisha, akaigeuza, akairudisha,
kisha akavua viatu, sijui kwa nini,
akakaa chini pembeni ya ndoo yangu.
"Si dawa bado," akasema. "Wingu tu."
Lakini hakuinuka mpaka adhuhuri.

Makala ikachapwa, majina sita.
Bi Mboja yumo mwishoni, kwenye shukrani,
kwa herufi za sisimizi.
Wamemwandika Mboje.

Nikafungua daftari langu la sabuni na brashi,
chini ya *chupa 40, zilizopasuka 3*,
nikaandika:
Mboja. Kwa A.
Chumu, na vespa iliyolala njaa.
Salha, kanga ya buluu, haikurudi rangi yake.
Sungura mmoja, jina analo.

Leo asubuhi umeletwa mlango mwingine.
Kijana, miaka kumi na tisa, anauma kola ya shati.
Walipomkata suruali
karafuu mbichi zikamwagika mfukoni,
chumba kizima kikanukia harusi.

Nimebandika maji.