Hatua Tatu Nyuma

Mimi simjui mtu kwa sura. Namjua kwa mnyororo.
Miaka kumi na tisa hapa Mamboleo,
turubai, beseni la maji, pampu, kopo la gundi,
na kila tyubu ninayoizamisha hunisimulia ilikopita:
mwiba wa Kajulu, chupa ya Kondele,
msumari ulioanguka kutoka lori la mbao.

Saa kumi na moja alfajiri, Shikuku wa mikate.
Kreti nne nyuma, taa hana,
mulika-mwizi ameibana kwa meno.
Nyuma yake Akeyo, muuguzi, anarudi kutoka zamu,
sketi ameifunga kwa pini ya nepi,
anaendesha polepole
kana kwamba bado kuna mgonjwa kwenye karia.

Mzee Ombewa naye hana abiria tangu Jumanne.
Mto wa karia ameudarizi upya: KARIBU MGENI.
"Jina la boda ni letu," huniambia,
"pikipiki zimeturithi tukiwa hai."

Na Jumapili hushuka wale wa kofia ngumu,
kaptura za kubana, miwani ya rangi ya petroli.
Baiskeli zao naziinua kwa kidole.
Rimu moja hununua ng'ombe wawili na mchungaji wao.
Huwa nawacheka.
Trela la miwa haliwacheki.
Trela halijui nani anakanyaga pedali kutafuta afya
na nani anatafuta unga.
Lenyewe linajua honi tu.

Mwezi wa tatu kaunti ikatuletea rangi.
Mstari wa njano, na ndani yake
baiskeli nyeupe iliyolala ubavu juu ya lami
kama iliyokwisha kugongwa.
Ombewa alivua kofia. Akeyo alipiga kengele mara mbili, bure tu.
Nami nikahutubia, spana mkononi:
barabara ni ya kodi, na hata chumvi ina kodi,
basi anayelamba chumvi ana kipande chake cha lami!
Walinipigia makofi.

Kufikia mwezi wa tano, kokoto za mjenzi zilikuwa njiani.
Viazi vya Mama Nekesa. Matatu mbili zikisubiri kujaa.
Mikate ikarudi katikati ya barabara.

Mtoto anaitwa Obunga. Kidato cha kwanza,
baiskeli ya mamake, kiti kimemshinda urefu
hivyo anaendesha amesimama.
Kioo cha basi kilimpata begani.
Mfupa wa mtulinga, vipande viwili. Yu hai.
Daftari lake la hesabu lilifunguka kwenye mtaro.

Askari alikuja na kalamu isiyoandika.
"Alikuwa akifanya nini katikati ya barabara?"
"Alikuwa akikwepa," Akeyo akasema.
"Akikwepa nini?"

Hakuna aliyenyoosha kidole. Hawakuhitaji.
Turubai langu lilikuwa limetandazwa juu ya ile baiskeli nyeupe,
beseni langu limekalia gurudumu lake la mbele,
na grisi, grisi yangu, imeufuta usukani.

Mwenye nguvu mpishe, husema wahenga.
Nimempisha. Basi, trela, gari la mheshimiwa,
nimeruka mtaroni mpaka magoti yakazoea.
Siku ile niliombwa kumpisha mtoto wa kidato cha kwanza
nikakuta sijui pa kuanzia.

Nilihama usiku. Hatua tatu nyuma,
palipo na matope, pasipo kivuli,
wateja wanapita bila kuniona.
Nimesugua ile picha kwa sabuni ya kipande na brashi ya waya.
Gurudumu la nyuma limerudi. La mbele bado.

Kokoto zipo palepale. Mama Nekesa anasema atafikiria.
Alfajiri Shikuku alipita ndani ya mstari,
mita arobaini hivi, mpaka penye viazi,
kisha akatoka tena kwenye lami,
mulika-mwizi mdomoni,
asiweze hata kunisalimu.