Kiti Pembeni mwa Safu

Nyuma ya kinu cha Mwaringa, pale Maweni,
ndipo tunaponyanyulia vyuma:
gia za malori yaliyokufa, mikebe ya rangi
iliyojazwa saruji, na kioo kilichopasuka
kinachomgawa kila mtu mara mbili.
Unga huja na upepo, ukatutua mabegani;
tukitoka jasho twafanana na maandazi mabichi.

Hapo niling'oa chini kilo mia na themanini,
Ngumbao akipiga kelele, "Mgongo! Mgongo!"
nami nikadhani ananisifu.

Hakikulia kitu. Watu hufikiri mwili huharibika kwa mlio.
Nilikishusha chuma kwa adabu, nikanywa maji,
nikapanda baiskeli hadi Barani.
Ni usiku, nilipopiga chafya,
ndipo mtu nisiyemwona aliponichoma msumari takoni,
akauburuta pajani, nyuma ya goti,
kando ya shavu la mguu,
akaja kuuegesha kwenye kidole cha mwisho,
kile kidogo, ambacho sikuwahi kukiwaza
tangu nizaliwe.

Mama akasema ni baridi yabisi.
Jirani akasema ni jicho, nimezidi kutembea kifua wazi.
Mkandaji wa Shela akanipaka mafuta ya nazi yenye karafuu,
akanikanda mpaka nikakiri madeni nisiyodaiwa.
Nilinukia pilau siku tatu.
Mshipa ukanicheka.

Hesabu yangu ikageuka.
Zamani nilihesabu sahani za chuma;
sasa nahesabu vidato vya ngazi ya nyumbani,
matuta ya barabarani nikiwa nyuma ya bodaboda,
dakika za kukaa kabla nyonga haijaniuliza
nimekaa kwa ruhusa ya nani.
Mwanasiti, mke wangu, mwenye kilo hamsini na mbili,
ndiye anayenifunga kamba za viatu.
Huinama bila kufikiri.
Nakionea wivu kisogo chake.

Lakini la msikitini liliniuma pasipo mshipa.
Ijumaa, umri miaka thelathini na mmoja,
nikavuta kiti cha plastiki pembeni mwa safu,
kati ya Maalim Sombwana mwenye kisukari
na mzee ambaye hata jina lake limeshamtoka.
Watu wakasujudu. Migongo yote ikashuka,
nikabaki juu mimi na kifua changu,
kifua kipana kisicho na kazi,
nikitazama nyayo: magaga, plasta,
soksi moja iliyotoboka.
Baada ya salamu Maalim akanigusa bega.
"Karibu, kijana. Huku feni inafika."

Bi Umulkheri wa hospitali hakunikanda hata kidogo.
Alinilaza chali, akauinua mguu ulionyooka
kama anayejaribu mpini wa pampu;
nilipopiga ukelele, akaandika kitu.
"Nguvu unayo," akasema. "Subira ndiyo huna.
Lala mkekani kila siku, kunja magoti,
inua kiuno. Kumi. Pumzika. Kumi tena."
"Na uzito gani?" nikamuuliza.
Akavua miwani. "Wako haukutoshi?"

Wiki ya tisa nikarudi kinuni.
Ngumbao akanitolea chuma kitupu, kilo ishirini,
kama mtu anayempelekea mgonjwa uji.
Vijana wakageuza macho kwa heshima;
heshima ile ilikuwa nzito kuliko chuma.
Nikaisukuma nyonga nyuma, taratibu,
kama anayefunga mlango kwa makalio
mikono ikiwa na sinia.
Nikashuka hadi magotini. Basi.
Nikapanda.

Ijumaa hii bado nilikivuta kiti.
Ila nilirukuu nimesimama,
viganja magotini, mgongo umelala sawa,
na hapo chini nikautambua mwendo:
ni uleule wa kinuni, bila chuma,
bila mtu wa kupiga kelele.
Kisha nikaketi. Sijida imenishinda bado.
Kidole kidogo kinanyonyota kama kina la kusema.

Mtu akapiga chafya safu ya mbele,
na mimi, huku nyuma, nikakishika kiti.