Hatua ya Kumi na Tisa

Nyuma ya karakana ya baiskeli, Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani,
saruji ina ufa ulionyooka kama alifu.
Hapo ndipo tunapopanga visigino, Jumatano na Jumamosi,
kabla jirani hajaanza kukaanga mihogo.

Nilipomwambia mama nimepewa fomu
aliuliza ni ya mkopo au ya shule.
Ni ya kungfu, mama. Ina hatua thelathini na sita.
Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.

Mwaka wa kwanza nilipewa nne.
Nne tu. Nikazipiga kama mtu anayekimbizwa
na Mwalimu Semkiwa akasema,
"Mwanakombo, nani anakudai?"
Akaenda kuziba pancha, akarudi,
akanikuta bado kwenye ya pili,
kiganja kikitafuta mahali pake hewani
kama anayepapasa swichi gizani.

Mimi ni fundi cherehani. Najua kufumua.
Mkono wa gauni ukikaa vibaya hauvutwi,
unafumuliwa mpaka begani, unaanza upya.
Lakini mwilini uzi hauonekani.
Unafumua nini? Kisigino? Pumzi?
Usiku nilisimama mbele ya kioo cha kabati,
mume wangu akauliza kama napigana na mbu.
Siku nyingine ilikuwa kweli, napigana na mbu.

Mwaka wa tatu nikaimaliza yote.
Semkiwa akafuta mikono yenye grisi, akasema,
"Haya. Sasa anza."

Tukaanza kupunguza.
Bega likashushwa nusu inchi, kama pindo.
Ngumi ikaachwa laini hadi mwisho wa safari yake.
Miezi minne mizima ilikwenda kwenye shingo.

Ya kumi na tisa niliipenda kuliko zote:
mguu wa kulia unaburuta, unasita,
kisha unatua karibu, kimya,
kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani.
Sote tulisita hivyo. Mbaruku, Zaituni,
yule kijana wa Makorora asiye na viatu,
kusita kulekule, robo ya pumzi.
Nilikusafisha hadi kukang'aa.

Kisha tukaalikwa Muheza, ukumbi wa shule.
Wenzetu wakapiga fomu ileile,
na kwenye ya kumi na tisa miguu yao ikaenda
mbali, wazi, kama mlango uliosukumwa.
Wamekosea, nikasema moyoni.
Nikawaonea huruma.

Jumatano nikamuuliza.
Alikuwa na spoki tatu mdomoni. Akazitoa moja moja.
"Kiwanda cha kamba. Robota la katani liliniangukia hapa."
Akagonga goti kwa spana.
"Hiyo unayoipenda si fomu.
Hilo ni goti langu."

"Mbona hukutuambia?"

"Nilisema tazameni miguu yangu. Mkatazama."

Jumamosi ile nikafumua.
Miaka saba ya mshono mzuri, niliojisifia.
Mguu ukaenda mbali ukayumba, nikaanguka,
nikainuka, nikaanguka upande uleule.
Zaituni alicheka mpaka akakaa chini.
Semkiwa hakucheka. Aliweka tairi ukutani
akatazama hatua ile ikitua,
ndefu, chafu, yenye vumbi,
kama anayeona shati lake la zamani
limevaliwa na mtu barabarani.

Sasa nina watoto wanne wa kwangu wa kufundisha.
Ya kumi na tisa nawapa ndefu.
Nawaambia wazi: goti la mwalimu tumeliacha nje, mlangoni.

Jana mdogo wao, Mwanahawa, miaka minane,
alisimama juu ya ufa, akanyoosha mgongo,
na kabla ya hatua ya kwanza
akalamba kidole gumba, akakisugua na cha shahada
kama mtu anayetaka kutunga uzi.

"Nani kakufundisha hivyo?"

Akanitazama
kama nimemuuliza jina langu.