Maji ya Bugarika

Huku Bugarika nyumba zimeng'ang'ania mwamba
kama kupe kwenye sikio la ng'ombe,
na maji hayapigi hodi.
Yanatoka juu kwa Nkwimba,
yanapita nyuma ya choo chake, mbele ya jiko lake,
yakifika kwangu yameshajua njia.

Vuli ya mwaka jana ilinikuta na vifaranga kumi na tisa.
Pumba za mpunga, viroba viwili,
nilivyobeba kichwani kutoka mashineni,
zililowa usiku mmoja zikawa uji.
Siku ya tatu harufu ilikata macho.
Siku ya tano kinyesi kilikuwa chekundu.
Nikabaki na wanne,
na mama yao akiwaita wote kumi na tisa.

Nikapanga viroba vya mchanga mlangoni mwa banda.
Maji yakazungukia nyuma.

"Huzuii wewe, unayachokoza," alisema Ng'washi,
akigonga kokoto, bila kuinua uso.
"Yape pa kupita."

Basi nikachimba juu ya banda, si chini,
mtaro uliopinda kama unyusi,
mpaka jembe likatoa cheche.
Nikainua sakafu: ndoo thelathini za kokoto
(za Ng'washi, kwa mkopo),
kisha mchanga wa ziwani, kisha pumba
kavu, za kuteleza kati ya vidole.
Nikaongeza bati hatua moja
tone lidondokee mtaroni.

Usiku ule mbingu ilipasuka upande wa ziwa.
Mtaro ulinguruma. Kuku kimya.
Nililala kama mwenye shamba la pamba.

Asubuhi, Bwire wa chini mlangoni kwangu,
suruali imekunjwa magotini,
mkononi sufuria iliyojaa matope.
Hakusema neno.
Alinionyesha tu ndani ya sufuria,
na humo, juu ya tope, pumba zikielea.

Nikakumbuka yote niliyowahi kumpigia Nkwimba kelele.

Jumamosi tulichimba watatu,
kwa Nkwimba, kwangu, kwa Bwire, hadi korongoni.
Tulibishana saa nzima juu ya mpera mmoja.
Mtaro ukaupisha.

Sasa ikinyesha nazamisha kiganja kwenye pumba:
vumbi.
Ila huyu kishingo, tetea niliyemwokoa mwenyewe,
kila mchana anachakura ukingoni
akiurudisha udongo mtaroni
kwa bidii ya kibarua aliyelipwa kabla.
Na mimi kila jioni,
jembe.